Samaki Wazima wa Korogwe

Korogwe,
11 Machi 1973

Dada yangu Swaumu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute na nguvu zako, wewe na mwanangu Chausiku na majirani wote wa Kang'ata. Mimi niko salama. Mkonge nimeuacha tangu mwaka juzi, lakini kikohozi cha vumbi lake bado kinanifuata mpaka huku kwenye mabwawa ya samaki. Chakula kipo, nyumba ninayopanga haivuji.

Chausiku bado anakataa kulala mchana? Nikiwaona watoto wa rika lake hapa mtaani namkumbuka yeye, halafu namkumbuka mama yake, marehemu Zamda. Mwambie baba yake amemuulizia.

Sasa dada, sikiliza vizuri. Mwezi ujao lori litakuja kwenu na vifaranga vya perege kutoka hapa kwetu. Wamesema watawekwa katika bwawa lako, lile alilochimba marehemu shemeji Mhina, kwa kuwa upande wenu ndilo peke yake lisilokauka kiangazi. Hilo ni jambo la heshima, na nilipolisikia nilifurahi. Lakini Bwana Gregori, bwana samaki wetu, ameniita pembeni na kuniambia nikuandikie haraka.

Samaki wetu wana chawa. Si kama wa kichwani. Ni mdudu bapa, mdogo kuliko punje ya ufuta, anayeng'ang'ania ngozi ya samaki na kumfyonza damu. Wetu wanaye na hawajali, wanakula na kuzaa kama kawaida. Bwana Gregori anahofia kwamba samaki wako, waliotoka kijitoni, hawajawahi kukutana naye. Amewaandikia wakubwa wangoje, akajibiwa kwamba sherehe imekwisha kupangwa.

Kwa hiyo wakifika usikubali wachanganywe. Chimba shimo pembeni, hata dogo, waingie humo kwanza. Waambie bwana samaki ndiye aliyesema.

Mvua imeanza na basi la Handeni linakwama ovyo. Barua hii nampa Mikaeli, muuza mikate, aifikishe Segera, na pale atamtafuta mtu.

Ndugu yako,
Mdoe


Kang'ata,
2 Mei 1973

Kwa lumbu yangu Mdoe,

Marahaba, mdogo wangu. Sisi tuna uzima. Mgongo unanisumbua wakati wa palizi tu, na hilo unalijua tangu zamani. Utanisamehe mwandiko. Kisomo cha watu wazima ninakwenda jioni, na mwalimu anasema herufi zangu zinalala kama watu waliochoka.

Chausiku hajambo na maneno amekuwa nayo mengi. Juzi alimwambia Mzee Tiampati, yule Mmasai anayenywesha ng'ombe kijitoni kwetu, kwamba ng'ombe wake hawafutwi pua. Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Huyu Chausiku meno yake mawili ya mbele yameng'oka, anapitisha ulimi hapo kutwa nzima.

Barua yako ya mwezi wa tatu nimeipata juzi. Ilikaa Segera, ikakaa Handeni mjini, kisha ikakaa kwenye mkoba wa mwalimu.

Lori lilikuja karibu na Maulidi. Walikuja na madebe na ngoma, wakatoa hotuba ndefu. Mwenyekiti akaniambia debe la kwanza nilimwage mwenyewe, kwa kuwa bwawa ni la marehemu mume wangu. Nikamwaga. Walikuwa samaki wazuri, Mdoe, wanang'aa, wanaruka. Watu walipiga makofi na mimi nilipiga.

Sasa wangu wanakufa. Kwanza walianza kujikuna kwenye mawe ya ukingoni, nikadhani wanacheza. Kisha wakatoka vidonda vyekundu, wakaacha kula pumba. Asubuhi nikienda nawakuta wameelea ubavu ubavu. Wale wakubwa, ambao Mhina mwenyewe aliwatoa kijitoni kwa tenga, ndio waliotangulia. Wageni wanapita katikati ya maiti wakiwa wazima kabisa.

Muulize huyo bwana samaki nifanye nini. Watu wanasema nimelogewa bwawa. Mimi sisemi kitu, nawazika tu chini ya migomba.

Dada yako,
Swaumu


Korogwe,
20 Mei 1973

Dada Swaumu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu na palizi imekwisha. Huku mvua zimejaza mto, daraja la miti tunalovukia kwenda kazini limechukuliwa. Nimecheka peke yangu kwa habari za pua za ng'ombe.

Barua yako nilimsomea Bwana Gregori. Alivua miwani. Nikamwuliza, "Ni kwa nini wetu hawafi?"

Akasema, "Wetu walikufa zamani, Mdoe. Mabwawa haya yalipochimbwa wakati wa Mwingereza, chawa waliwamaliza karibu wote. Waliobaki ndio waliozaa. Watoto wao wakafa nusu, wajukuu wakafa wachache. Ule ugumu umo kwenye damu, mtoto anaupokea kwa wazazi kama anavyopokea rangi. Hawa tulio nao ni uzao wa waliosalimika. Wa dada yako hawakupokea kitu, maana wazazi wao hawakupata kupimwa na chawa."

"Dawa je?"

"Dawa ipo vitabuni. Dukani haipo."

Anasema usimwage chokaa wala majivu. Ngoja tu. Wengi watakufa, lakini kila mara wapo wachache ambao chawa hawawawezi. Hao uwatoe uwaweke peke yao. Usiwasafishe chawa wote, maana chawa hao hao ndio watakaokuonyesha nani ni nani miongoni mwa watoto wao. Nilimwambia hilo ni jambo gumu kumwambia mtu. Akasema anajua.

Dada, nisingependa kukuandikia barua ya namna hii. Mwambie Chausiku meno mapya yatakuja.

Mdoe


Kang'ata,
30 Septemba 1973

Kwa Mdoe, lumbu yangu,

Marahaba. Ramadhani imeingia, tunafunga kwa uji. Mahindi hayakuzaa, yalikauka yakiwa na urefu wa goti. Mihogo ndiyo tunayotegemea, na nguruwe pori nao wanaitegemea.

Nilingoja kama alivyosema bwana wenu. Wamebaki wachache, Mdoe, wanajaa beseni moja. Nimewachimbia shimo chini ya kijito, mimi na Chausiku, yeye akibeba udongo kwa kifuu. Chawa wanao, nimewaona kwa macho yangu, lakini hawawahangaishi. Wamezaa mara moja. Katika watoto hao, wengine walikufa, wengi wakabaki.

Na kuna jambo jipya. Jua lilipokuwa kali bwawa kubwa lilishuka, maji yakawa mazito kama uji wa ulezi. Samaki wa Korogwe wakaanza kuja juu kuhema. Wamekufa wote. Shimo la wangu nalo likawa tope hivyo hivyo, lakini wao wamelizoea tangu wakati wa Mhina, wakakaa chini wakatulia. Sikufurahi kuona wageni wanakufa, lakini nilikwenda nyumbani nikalala usingizi mzuri.

Chausiku anakula vizuri. Kila Ijumaa tunatoa samaki mmoja mdogo, tunampika na nazi kama ipo, kama haipo basi chumvi. Kichwa ni chake, hataki kugawana. Watoto wengine hapa wameanza kuvimba miguu kwa njaa. Wake ni miembamba na inakimbia.

Kuna maneno kwamba tutahamishwa wote kwenda kukaa pamoja kijijini. Wengine wanasema ni mwakani, wengine wanasema ni maneno ya redioni tu.

Swaumu


Korogwe,
3 Machi 1974

Dada yangu,

Shikamoo, na unisamehe kwa kuchelewa. Nilipelekwa Mombo kusaidia kuchimba mabwawa, barua yako nikaikuta chini ya mlango. Nimerudi na malaria, lakini imekwisha. Hongera kwa kumaliza mfungo na njaa ile.

Bwana Gregori alisoma barua yako mara mbili, kisha akaomba aisome tena. Sijapata kumwona vile. Anasema samaki wako sasa wanaweza mambo mawili ambayo wetu wanaweza moja tu: chawa na matope. Anataka uwaache wazae tena, uchague tena, na mwisho wa mwaka atakuja na lori mwenyewe kuchukua wazazi kwa ajili ya vijiji vya ukame. Alisema, "Mwambie dada yako asiwale wakubwa hata kidogo." Nikamwambia nitaandika, ila wewe una mtoto wa kulisha. Basi nakuandikia hivi: wakubwa uwaache ukiweza. Usipoweza, mimi sitamwambia.

Habari za kuhamishwa tunazisikia na huku. Nilimwuliza Bwana Gregori kama mabwawa yataguswa. Akasema hajui nani wa kumwuliza.

Chausiku ataanza shule lini? Nitaleta madaftari nikija Idi. Mwaka jana nilisema hivyo hivyo, najua.

Mdoe


Kwaluguru,
25 Agosti 1974

Kwa Mdoe,

Marahaba. Anwani yangu utaona imebadilika. Tuko Kwaluguru tangu mwezi wa saba.

Walikuja asubuhi. Hawakutupiga, nisiseme uongo. Walituambia tutoe vyombo, kisha wakaezua paa ili tusirudi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijaza mitungi mitatu kwa samaki, wale wazazi na baadhi ya watoto, nikaifunika kwa majani ya mgomba. Kijana wa mgambo aliyekuwa juu ya lori akaniambia, "Mama, lori hili la watu na mizigo. Maji hayapandi."

Nikamwambia, "Si maji, ni samaki."

Akachungulia. Akasema, "Pole mama. Nikipandisha mitungi yako, na yule atataka mbuzi wake." Alisema kwa upole kabisa. Nikaenda nikawarudisha shimoni. Nilipogeuka lori lilikuwa linaunguruma, nikakimbia.

Hapa nyumba zimepangwa mistari. Tupo watu wa Kang'ata, na wengine kutoka sehemu ambazo sijafika maishani. Kisima ni kimoja na foleni ni ndefu. Mzee Tiampati ameahidi kwamba akipeleka ng'ombe kule ataangalia mfereji unaoleta maji bwawani usizibe.

Mwambie bwana wenu aharakishe lori lake.

Nimechoka leo, nitaandika zaidi siku nyingine.

Swaumu


Korogwe,
14 Septemba 1974

Dada Swaumu,

Shikamoo, na poleni kwa kuhama. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama barabarani. Nimeuliza watu wawili kuhusu habari za Kwaluguru, wote wakasema mambo yatatulia. Kikohozi changu kimerudi kidogo.

Siku ile ile nilikwenda kwa Bwana Gregori. Akaandika maombi ya lori. Jibu likaja kwamba dizeli ya mwezi imekwisha, waombe mwezi ujao. Akaomba pikipiki. Wakamwambia pikipiki ni ya kukusanya takwimu za mashamba. Jana nilimwambia nitakwenda kwa miguu kutoka Handeni na ndoo. Akaniuliza, "Utabeba wangapi? Na watafika wangapi?" Kisha akasema niende. Lakini ruhusa ya kazi inatolewa na mkubwa wake, na mkubwa wake yuko Tanga kwenye mkutano.

Katika barua yako hukumtaja Chausiku. Nadhani ni uchovu. Hajambo? Amepata wenzake wa kucheza nao?

Mdoe


Kwaluguru,
20 Oktoba 1974

Kwa lumbu yangu,

Marahaba, na mkono wa Idi. Tulisali uwanjani kwa kuwa msikiti bado ni nguzo tu. Tunapewa unga wa njano wa msaada. Ukiusonga hauna ladha, lakini unashika tumbo.

Mzee Tiampati alikuja wiki iliyopita. Alikaa mlangoni akakataa kuingia, nikajua. Mfereji ulibomoka juu, kwenye lile jiwe ambalo Mhina alikuwa akilikaza kila mwaka. Yeye na mkewe Simaloi walijaribu kuliweka sawa, lakini hawakujua linakaaje. Maji yakapita njia nyingine. Shimo la wale wazazi ndilo lililotangulia kukauka. Ndege wale weupe wenye miguu mirefu walikaa pale siku nzima. Katika bwawa kubwa anasema alikuta tope tu na nyayo za ng'ombe wake.

Aliniomba msamaha kwa ajili ya nyayo. Nikamwambia ng'ombe hawana kosa.

Basi mwambie bwana samaki asihangaike na dizeli. Sisi wengine tupo.

Swaumu


Korogwe,
2 Novemba 1974

Dada,

Shikamoo. Leo sitaandika habari nyingi.

Bwana Gregori nilimwambia. Alikwenda akakaa ukingoni kwa muda, akarudi akaendelea na kazi.

Jana nilikuwa Segera kununua vitunguu. Mama mmoja aliyetoka Kwaluguru aliniambia surua imepita kwenu mwezi wa nane na wa tisa, na kwamba wamezika watoto. Nikamwuliza kuhusu nyumba yako, akasema hakujui.

Barua mbili hujamtaja mwanangu. Niambie kama yupo. Nijibu hilo tu, hata kwa mstari mmoja.

Mdoe


Kwaluguru,
19 Novemba 1974

Mdoe, ndugu yangu,

Yupo. Nimeanza na hilo kabla ya salamu, unisamehe.

Surua ililetwa na watu, si kwa kukusudia. Watoto wa wale waliotoka upande wa barabara kuu walikuwa wameshaumwa miaka ya nyuma, wao walikuwa wanacheza tu. Wetu wa Kang'ata hawakuwa wameiona. Waliugua karibu wote kwa pamoja. Chausiku alikuwa amekonda tayari, kwa sababu tangu tuhame hakupata samaki wala maziwa ya Simaloi, ni unga wa njano asubuhi na jioni. Yule bwana wa zahanati alisema mwili usio na akiba surua inauingia mpaka ndani.

Nilipokuandikia mwezi wa nane alikuwa na vipele bado. Nikasema nitamwambia baba yake akipona. Akapona. Lakini macho yalikuwa yamefunga kwa usaha, nikasema nitamwambia yakifunguka. Yakafunguka, Mdoe, na yalikuwa meupe.

Nilimbeba mgongoni mpaka Handeni mjini. Wakampa dawa ya kupaka ya tyubu, wakasema nirudi. Nikarudi. Wakanipa nyingine.

Umejiuliza kwa nini sikusema. Kila ninapoandika anakaa hapa ubavuni, anasikia kalamu. Ananiuliza, "Shangazi, umefika wapi? Umeniandika mimi?" Nami namwambia, "Nimekuandika." Basi sikuweza kuandika mbele yake lile ambalo yeye hajalijua. Anadhani ni dawa ndiyo inayomziba, na kwamba siku ikioshwa ataona. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo, usiku ule wa kwanza alipolia, na tangu hapo nimeshindwa kuliondoa.

Leo amelala kwa jirani, ndiyo maana nimeandika.

Njoo umchukue umpeleke kwa madaktari wakubwa. Mimi siwezi kutoka bila barua ya mwenyekiti, na mwenyekiti anasema mpaka tumalize kupanda shamba la kijiji.

Swaumu


Korogwe,
26 Januari 1975

Dada yangu Swaumu,

Shikamoo. Chausiku anakusalimu kabla yangu. Anasema uji wa huku una sukari nyingi, na mama mwenye nyumba, Mama Justa, anamsuka nywele akimvuta kuliko wewe.

Tulifika Tanga salama baada ya kuachana nawe Kwaluguru. Daktari alimwangalia kwa taa ndogo, akamshika kidevu kwa upole, akamwuliza jina la shangazi yake. Kisha akanitoa nje. Alisema kioo cha jicho kimefanya kovu, yote mawili, na kovu halifutiki kwa dawa. Nikamwuliza Dar es Salaam je. Akasema, "Ukitaka nenda, mzee. Nauli utamaliza, jibu litakuwa hili."

Nilikaa naye kwenye benchi nikamwambia mwenyewe. Nilimwambia si dawa inayomziba. Akaniuliza kama wewe unajua. Nikasema unajua. Akasema basi, hakutaka tu wewe usikie kwa mtu mwingine. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila neno isipokuwa hilo.

Nimeandika kwa mwenyekiti wako kuomba uruhusiwe kuja kukaa nasi. Hajajibu. Nitaandika tena mwezi ujao, na mwezi unaofuata.

Bwana Gregori amehamishiwa kusini. Kabla ya kuondoka aliacha maandishi kwamba samaki wasipelekwe kijiji chochote chenye samaki wa asili bila kutengwa kwanza. Bwana mpya aliyesoma maandishi hayo ni mtu mwema pia, na hakuyadharau. Alitaka kungoja. Lakini simu ilipigwa na wakubwa, na Alhamisi lori likaja kuchukua vifaranga vya kijiji kimoja cha njia ya Mkata. Dereva aliniambia kuna mzee huko mwenye bwawa lake la miaka mingi. Nilimpa dereva maneno ya kumwambia huyo mzee. Alisema atajaribu kuyakumbuka.

Nikajaza madebe. Siku hizi namchukua Chausiku kazini, anakaa ukingoni kwenye gunia. Aliingiza mkono ndani ya debe moja, samaki wakampita katikati ya vidole, akacheka.

"Baba, hawa ni wazima?"

Nikamwambia ni wazima. Na ni kweli dada, walikuwa wazima kabisa.

Ndugu yako,
Mdoe